Mashine Iliyofundishwa Hodi

Mwanamke yule aliingia karakanani asubuhi ya Jumatatu, wakati hakuna aliyekuwa akimngoja mgeni. Alisimama kwenye mlango mpana wa mabati, unga umemkauka mikononi mpaka viwikoni, leso imefungwa kiunoni kwa haraka ya mtu aliyeacha kitu jikoni. Gedion, fundi aliyekuwa akipanga mabamba ya chuma karibu na mlango, aliutazama ule unga akadhani amekwisha kujua yote.

"Mama, chapati bado zina moto?" aliuliza.

"Sikuja kuuza chapati," mwanamke akajibu. "Nimekuja kumwona mtu anayewasha hicho kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa kimeinama juu ya tangi la maji: mkono mkubwa wa chuma, rangi ya chungwa, wenye viungo kama vya binadamu na ncha inayotema waya na cheche. Ilikuwa roboti ya kuchomelea, ya kwanza kuonekana katika mtaa ule wa Chaani, Mombasa. Mafundi waliipa jina la Bwana Harusi kwa sababu, kama alivyoeleza Gedion, huja amechelewa, watu wote humsubiri yeye, na akishafika hana kazi ila kutazamwa.

Aliyekuwa akiiwasha ni Sabah, binti wa Likoni, aliyemaliza chuo kikuu si zamani na bado akiamini kila alichofundishwa huko. Kazi yake ilikuwa kuipa roboti macho na masikio. Mbele ya ncha ya moto alifunga kamera ndogo iliyotazama ufa kati ya mabamba mawili kabla waya haujafika. Kwenye nyaya za umeme aliweka kihisi kilichosikiliza cheche bila kupumzika, kisha akaandika hesabu ndani ya kompyuta zilizobashiri jinsi kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kingetanuka au kusinyaa. Ufa ukipanuka, roboti ipunguze mwendo. Umeme ukilegea, iuvute zaidi. Yote haya ifanye yenyewe, bila mtu kukodoa macho ndani ya moshi.

Moshi huo ndio uliomleta Sabah kwenye kazi hii. Alikua akiwaona mafundi wa kuchomelea mtaani kwao wakilala na vitambaa vya maji machoni. Aliamini kwa moyo safi kwamba siku moja mashine itachukua moshi na kumwachia fundi ufundi wake. Wenzake chuoni walimcheka. Gedion hakumcheka, alikuwa amekwisha kujifunza kuiongoza roboti, na kikohozi chake kilikuwa kimeanza kumpa nafasi.

Lakini roboti haikuwa yao. Mansur, mwenye karakana, aliletewa aijaribu mpaka mwisho wa mwezi. Mteja mmoja, Maxwell, alihitaji matangi mengi ya kusambazia maji kabla ya kiangazi, naye alisema angeleta kazi yote hapo iwapo angeona kwa macho yake tangi moja likiungwa kwa kasi aliyoahidiwa, mshono ukiwa safi. Akiridhika, roboti ingebaki na Sabah angeajiriwa. Asiporidhika, roboti ingerudi ilikotoka, na Sabah angerudi Likoni kuandika maombi ya kazi.

Na mshono haukuwa safi. Kila roboti ilipopanda kufikia nguvu zake zote, mshono ulivimba, ukakonda, ukavimba tena, kama kamba iliyosokotwa na mlevi. Sabah alibadilisha kihisi. Alibadilisha nyaya. Mwishowe aliikaza amri ndani ya kompyuta: umeme ukishuka hata kidogo, roboti idai zaidi papo hapo. Mshono ukazidi kuyumba.

Basi hapo ndipo mgeni alipomkuta, akiwa amekunja uso mbele ya kompyuta. Sabah aliinuka akampa shikamoo, mwanamke akaitikia, na hasira aliyokuja nayo ikapungua kidogo. Jina lake ni Rosalia, alisema. Nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa karakana. Mumewe ana ugonjwa wa mapafu, anapumua kwa mashine ya oksijeni, na tangu wiki iliyopita mashine hiyo imekuwa ikilia na kuzima mara kadhaa kwa siku. Amekwisha kubadilisha plagi. Amekwisha kumwita fundi wa umeme. Leo alipokuwa akikanda unga aligundua kwamba kila inapolia, hapa nyuma ya ukuta nako kuna ngurumo.

Sabah alimjibu kwa upole kwamba hadhani kuwa ni wao. Umeme wa huku Changamwe hushuka kwa sababu nyingi, alisema. Kuna viwanda, kuna mashine za barafu, na karakana ina waya wake mkubwa.

Rosalia hakubishana naye. "Njoo usikie mwenyewe," alisema.

Kufika kwake kulitaka kuzunguka mpaka barabarani, kupita kinyozi na duka la mkaa, kisha kuingia kichochoro kilichorudi mpaka kwenye ukuta uleule. Sabah alisimama mlangoni akapiga hodi, ingawa mwenye nyumba alikuwa yuko naye. Sauti ya kiume, nyembamba, ikaitikia karibu.

Elkana alikuwa ameketi kitandani, mgongo umeegemezwa mito, mrija mwembamba puani. Alikuwa mtu wa mifupa mikubwa. Kwa miaka mingi alibeba magunia bandarini. Kando yake mashine nyeupe, ukubwa wa kiti, ilikuwa ikivuma taratibu. Sabah alimwagiza Gedion kwa simu aiwashe roboti kwa nguvu zote, kisha akakaa kusubiri, akiomba moyoni kwamba lisitokee lolote.

Ngurumo ikasikika nyuma ya ukuta. Taa ya chumba ikafifia ikawa rangi ya chai. Mashine ya Elkana ikavuma kwa uzito, ikalia mlio mkali, ikanyamaza. Taa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na Sabah akautambua mpigo wake. Ulikuwa ni ule mshono wake unaovimba na kukonda; sasa anautazama darini kwa watu.

Alimwambia Gedion azime. Rosalia alikuwa amekwisha kuhamisha mrija kwenye mtungi mdogo wa oksijeni uliokuwa pembeni. Alieleza kwamba mtungi huo haukai sana, na kuujaza ni safari ya kuvuka hadi kisiwani, ndiyo maana huuweka kwa dharura.

Elkana alipata pumzi akamtazama Sabah, tabasamu likamcheza. "Nyinyi watu wa Pwani mna mambo," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Mimi nilipofika Mombasa, nikitoka bara, niliingia kwa jirani hivihivi, nikiita jina lake. Nilifukuzwa mpaka kwa mzee wa mtaa. Nikaambiwa, hapa mtu hupiga hodi. Mara tatu. Hujajibiwa, rudi kwako." Alinyoosha kidole ukutani. "Sasa huyo wenu anaingia kwangu kutwa mara kumi, na hodi hapigi."

Rosalia alimwambia anyamaze atunze pumzi. Sabah hakuweza kucheka. Alilelewa na bibi yake, Mwanarusi, ambaye alipata kumrudisha kutoka uani kwa watu, mbele ya wageni, kwa kuwa aliingia baada ya hodi moja tu. Mlango wa mtu si wa kusukuma, bibi alikuwa akisema. Asiyekujibu ana sababu zake, na sababu zake hazikuhusu.

"Mama Rosalia," Sabah alisema, "nakuahidi. Haitawashwa kwa nguvu zake zote kabla sijakupigia hodi kwa simu, na wewe mwenyewe ukanijibu karibu."

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe. Maana wewe ndiwe unayehamisha mrija."

Alirudi karakanani akakaa mbele ya kompyuta. Hesabu zake zilikuwa na chuma ndani yake, na waya, na gesi, na joto, na mwendo wa mkono. Zote zilikuwa sahihi. Lakini ziliishia ukutani. Alikuwa ameuchukulia umeme kama maji ya bahari, ambayo ukichota hayapungui. Kumbe karakana na nyumba zile zote zilikuwa zikilishwa na transfoma moja iliyochoka. Roboti ikivuta, umeme unashuka. Ukishuka, roboti inadai zaidi kama alivyoiamrisha. Ikidai zaidi, unashuka tena. Ilikuwa kama watu wawili wanaovutana shuka moja fupi: kadiri yeye alivyomfundisha mmoja kuvuta kwa nguvu, ndivyo mwenzake alivyozidi kulala na baridi.

Alizifumua hesabu akazianza upya, mara hii akiutia ndani ule unyonge wa transfoma. Aliifundisha roboti kwamba umeme ukishuka isigombe, bali ipunguze mwendo na kusubiri. Hapo mshono ukanyooka. Kwa mwendo huo wa pole ulitoka mzuri, magamba yake yamepangana kama ya samaki, na Sabah alipomwomba Rosalia atazame taa yake, aliambiwa haikutikisika hata kidogo. Tatizo ni kwamba tangi lililopaswa kumalizika haraka lilichukua muda maradufu. Kwa kasi aliyoitaka Maxwell, nguvu zote zilihitajika bado, na jenereta ya Mansur ilitosha taa na pampu ya upepo tu.

Basi wakawa wakipiga hodi. Sabah alipiga simu, Rosalia akauhamisha mrija, akajibu karibuni. Roboti ikaunguruma kwa muda mfupi wa majaribio, ikazima. Sabah akapiga tena kusema ahsante, tumetoka. Mafundi walifurahishwa sana na jambo hili.

"Bwana Harusi sasa ana adabu kuliko wakwe zangu," Gedion alisema.

Mansur naye alilikubali, ingawa kwa shingo upande. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, aliyeanza na mashine moja ya kuchomelea chini ya mwavuli, na kitu alichokipenda zaidi duniani ni kazi kumalizika kwa wakati. Alimwambia Sabah kwamba ahadi aliitoa yeye Sabah, si karakana. Lakini maadamu haizuii kazi, haina neno.

Maxwell alitakiwa aje Alhamisi baada ya adhuhuri. Sabah alimwarifu Rosalia mapema, akamweleza kwamba siku hiyo roboti ingekwenda kwa nguvu mfululizo, tangi zima, wala si kwa majaribio mafupi. Rosalia alisema hakuna tabu, angejitayarisha.

Alhamisi yenyewe Maxwell alifika asubuhi. Alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi vizuri, naye aliomba radhi kwa dhati: alikuwa na miadi nyingine mchana kwenye karakana ya upande wa Kisauni, iliyokuwa ikiutaka mkataba uleule, akaona bora apitie hapa kwanza. Hakuwa na muda mwingi. Tangi lilikuwa limekwisha kufungwa mahali pake. Mansur alimtazama Sabah kwa macho ya mtu anayesema bismillahi.

Sabah alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, na mara ya tatu, huku akihisi macho ya watu wote mgongoni. Hakupokea mtu. Aliomba apewe muda kidogo, akatoka, akapita kinyozi na duka la mkaa akikimbia, mpaka mlangoni kwa Rosalia.

Alipiga hodi. Elkana ndiye aliyejibu.

Alikuwa peke yake, mrija puani, mashine ikivuma kando yake. Pembeni, mahali pa mtungi, palikuwa patupu. Rosalia ameondoka alfajiri kwenda kuujaza, alisema. Ulikuwa umepungua kwa yale majaribio, na alitaka uwe umejaa kabla ya mchana, kwa ajili yenu. Angerudi karibu na adhuhuri.

"Mgeni wenu amefika?" Elkana aliuliza.

Sabah alimwambia kweli. Hakutaka kumwambia, lakini uongo ulikuwa mgumu zaidi mbele ya uso ule.

"Basi washeni," Elkana alisema. "Itachukua muda gani? Nitakaa tuli tu. Nimebeba magunia ya sukari ngazi mpaka juu, mwanangu. Sitashindwa na hili." Alitua akavuta pumzi. "Nimekujibu. Karibu."

Sabah alisimama pale. Lilikuwa jibu, na mwenye pumzi ndiye aliyelitoa, kwa hiari yake, nyumbani kwake. Nani angemlaumu? Aliitazama mikono ya mzee, mikubwa, imetulia juu ya shuka. Kucha zilikuwa na wekundu kwa sababu mashine ilikuwa ikivuma. Mashine ikinyamaza, hakuna mtungi wa kumhamishia, wala mtu wa kuuhamisha mrija.

"Ahsante, baba," alisema. "Lakini ahadi yangu ni kwa mama. Yeye hayupo."

"Wewe msichana ni mkaidi."

"Ndivyo niambiwavyo nyumbani."

Alirudi kwa kutembea, kwa kuwa haraka ilikuwa haina faida tena. Alimweleza Mansur pembeni, kwa sauti ya chini, jinsi mambo yalivyo. Mansur alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Kisha aliuliza swali moja tu.

"Mwenyewe amekataa?"

"Mwenyewe amekubali, ami. Mimi ndiye niliyekataa."

Mansur aligeuza macho kwenye swichi ya roboti. Ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama, na yeye ndiye mwenye karakana. Hakuigusa. Aligeuka akamwacha Sabah aende kwa mgeni peke yake.

Sabah alimwambia Maxwell kwamba nyuma ya ukuta kuna mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni, na nguvu zote za roboti humzimia mashine hiyo. Ikiwa angesubiri mpaka adhuhuri, angeiona kasi aliyoahidiwa. Kwa sasa angeweza kumwonyesha mshono, kwa mwendo wa pole. Maxwell alitazama saa yake, akasema haya, aonyeshwe.

Gedion alivaa kinga ya uso, akamvisha mgeni nyingine, Sabah akaandika amri. Roboti ikashuka juu ya ufa, kamera ikautafuta na kuupata, na cheche ikawaka, ndogo, tulivu, ya samawati. Ilitambaa. Maxwell aliufuata mshono hatua kwa hatua, akiwa ameinama, na ulipopoa akaupitishia kidole gumba. Alisema hajauona mshono mzuri kama huo, na alisema kweli. Lakini tangi lilikuwa halijafika hata robo.

"Uzuri nimeuona," alimwambia Mansur walipokuwa wakielekea kwenye gari. "Ila maji hayangoji uzuri, bwana. Kwa mwendo huu kiangazi kitanikuta hapa. Na iwapo kila nikitaka kazi ya haraka itabidi jirani awe nyumbani, mimi nitawajibu nini watu wangu?" Aliwapa mkono wote, Sabah pia, akamtakia mgonjwa afya njema. Gari likashika njia ya Kisauni.

Karakana ilikuwa kimya isipokuwa roboti, ambayo hakuna aliyeiambia isimame. Mansur alikuja akasimama kando ya Sabah, wote wawili wakiitazama.

"Ungeiwasha, ingekuwaje?" aliuliza.

"Pengine isingekuwa kitu," Sabah alisema. "Pengine angestahimili, na sasa tungekuwa tunakunywa chai na Maxwell."

"Basi umempoteza mteja kwa ajili ya pengine."

"Ndiyo, ami."

Mansur alivuta pumzi ndefu, akaokota kipande cha chuma sakafuni, akakitupa kwenye pipa la mabaki. Alisema kwamba mwisho wa mwezi haujafika bado, na kwamba tangi likishaanzwa halifai kuachwa njiani. Kisha akaenda kutia udhu.

Kabla adhuhuri haijaadhiniwa simu ya Sabah ililia. Ni Rosalia, akihema, amefika nyumbani na mtungi begani. Alikuwa ndani ya gari, alisema, kelele nyingi, hakusikia akipigiwa. Ameona sasa hivi, akashtuka. Mtungi umejaa mpaka juu. Elkana amelala. Yeye yuko tayari, mkono uko kwenye mrija. Mgeni wao anakuja saa ngapi?

Sabah aliitazama roboti, iliyokuwa imevuka nusu ya tangi kwa mwendo wake wa kobe, na Gedion aliyeiinamia bila kukohoa.

"Leo hatutaingia, mama," alisema. "Kazi ya nguvu haipo. Funga mtungi, uweke, na wewe upumzike."

Rosalia aliuliza kama yote yamekwenda salama. Sabah akasema mshono umependwa sana, akamtakia mchana mwema. Halafu aliitia simu mfukoni, akavaa kinga ya uso, akasogea karibu na Gedion kuutazama moto.